Saa ya Thamani Nyumbani: Nani Bwana, Nani Mtumishi?



Siku hizi watu wengi wa miji yetu, toka Bukavu hata Lubumbashi, hutazama saa katika simu. Simu hurekebishwa na mtandao, tena haidai kutiwa ufunguo. Hata hivyo wako bado wanaume, na wanawake pia, wanaoitamani saa ya kweli ya mkono, ile ya chuma na magurudumu, na hasa ile yenye vifungo viwili ubavuni, iitwayo kronografu. Huiona mkononi mwa mganga, mwa mhandisi au mwa rubani, nao hujisemea moyoni: siku moja nami nitakuwa nayo.

Je, tamaa hiyo ni mbaya? Hatusemi hivyo. Kupenda kazi nzuri ya mikono si dhambi, kwa maana akili ya fundi ni zawadi ya Muumba. Lakini kitu cha bei kubwa kikiingia katika nyumba ya watu wa kawaida, huingia pamoja na maswali. Nani aliyekata shauri? Fedha imetoka wapi? Kitu hicho kitafanya kazi gani? Kitakuwa cha nani siku mwenyewe atakapoitwa na Mungu? Sisi tunaoandika haya tumekaa na saa ya namna hiyo mwaka wa tatu sasa. Twapenda kuwaeleza wenzetu tuliyoyajua, ili anayeitamani afahamu anachonunua, na aliye nayo tayari afahamu jinsi ya kukaa nayo.

Kronografu ni nini?

Jina hili limetoka katika lugha ya Kigiriki: khronos maana yake ni muda, na graphein ni kuandika. Kronografu huonyesha saa na dakika kama saa nyingine yoyote. Lakini inao mkono mrefu wa sekunde ambao hausogei mpaka uamriwe. Ukibonyeza kifungo cha juu, mkono ule huondoka. Ukikibonyeza tena, husimama. Ukibonyeza kifungo cha chini, hurudi mara moja mahali pake pa mwanzo. Visahani vidogo katika uso wa saa huhesabu dakika na saa zilizopita. Wakati huo wote saa yenyewe huendelea na mwendo wake bila kusumbuliwa.

Haja ya kupima muda ni ya zamani, na Kanisa lina sehemu yake katika habari hii. Tangu karne ya 6, wamonaki waliofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto waligawa siku yao kati ya sala, kazi na masomo, na kengele iliwaita kwa kila jambo. Ndiyo sababu neno la Kiingereza clock ni ndugu wa neno la Kifaransa cloche: yote mawili yatoka katika neno moja la kale lenye maana ya kengele. Katika karne ya 17, Padri Riccioli, Myesuiti wa mji wa Bologna katika Italia, alitaka kupima jinsi vitu vinavyoanguka toka juu ya mnara. Kwa kuwa hakuwa na saa ya kuaminika, aliwapanga wenzake Wayesuiti wahesabu kwa zamu mabembeo ya timazi muda wa saa 24 mfululizo. Fikirini subira ya mapadri wale, wakihesabu usiku na mchana bila kupoteza hata moja!

Waganga nao waliitaka saa ya namna hii. Mwaka 1707 John Floyer, mganga wa Uingereza, alichapa kitabu juu ya kuhesabu mapigo ya damu kwa saa aliyoitengenezesha makusudi, inayokwenda dakika moja tu. Mwaka 1816 Louis Moinet, Mfaransa, alimaliza chombo cha kupimia sehemu moja ya 60 ya sekunde, akakitumia katika kutazama nyota. Mwaka 1821 Mfaransa mwingine, Nicolas Rieussec, alipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichotia alama za wino juu ya kisahani. Hiyo kweli iliandika muda, na jina lake likabaki hata leo, ingawa wino umetoweka. Mwaka 1844 Adolphe Nicole, Mswisi aliyefanya kazi London, aliandikisha uvumbuzi wa kipande chenye umbo la moyo, ambacho hurudisha mkono mahali pake kwa mguso mmoja. Mpaka leo kipande hicho kimo ndani ya kronografu, tena bado huitwa moyo.

Yaliyomo ndani

Ukifungua mgongo wa saa hii, utaona zaidi ya vipande 200, vingine vyembamba kuliko unywele. Nguvu yote hutoka katika kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kisanduku cha mviringo. Unapotia ufunguo, unaukaza utepe huo. Nao ukijikunjua polepole huyasukuma magurudumu ya meno. Kama hakuna kitu cha kuuzuia, ungejikunjua kwa dakika chache na mikono ingezunguka kama upepo. Basi, liko gurudumu dogo la mizani ambalo huenda huku na huku, na kila mara huruhusu jino moja tu kupita. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia ukiiweka saa sikioni.

Gurudumu la saa yetu hupiga mara 6 kwa sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa, na mara 518,400 kwa siku moja. Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Saa ndogo hiyo, basi, hupiga mara tano zaidi ya moyo wa yule anayeivaa, bila betri na bila waya wa umeme, kwa nguvu ya vidole vyake tu.

Liko pia jambo ambalo kila Mkongo ajue. Kamani za zamani zilikuwa za chuma cha kawaida. Zilikatika na kushika kutu. Kamani nyingi za sasa hufanywa kwa mchanganyiko wa madini uitwao Nivaflex, ambao sehemu yake kubwa kuliko zote ni kobalti. Nchi yetu hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo hutoka Lualaba na Katanga ya Juu. Mtu wa Kolwezi akiitazama saa ya Uswisi kama kitu cha ajabu kilichotoka mbali, akumbuke kwamba nguvu inayoizungusha hutokana na madini ya namna ileile inayochimbwa karibu na nyumba yake. Akumbuke pia kwamba wako watoto wanaochimba wakati wenzao wako shuleni. Hatuwezi kuisifu kazi ya fundi wa mwisho na kunyamaza juu ya kazi ya yule wa kwanza.

Watu wa milima ya Jura

Saa hizi nyingi hutengenezwa katika milima ya Jura, penye miji kama La Chaux-de-Fonds na Le Locle. Huko juu, karibu mita 1,000 toka usawa wa bahari, theluji huwafungia watu ndani miezi mingi. Zamani wakulima wa milima hiyo walifanya vipande vya saa majumbani mwao wakati wa baridi, karibu na dirisha. Baadaye miji yao ilijengwa upya kwa barabara zilizonyoka, ili kila karakana ipate mwanga wa jua. UNESCO iliiandika miji hiyo miwili kati ya urithi wa dunia mwaka 2009, na mwaka 2020 iliuandika ufundi wenyewe, kwa ombi la Uswisi na Ufaransa pamoja.

Lakini ufundi huo ulikaribia kufa. Siku ya Noeli ya mwaka 1969 kampuni ya Seiko, mjini Tokyo, ilianza kuuza saa ya mkono inayokwenda kwa betri na jiwe la kwatzi. Saa za namna hiyo zikawa rahisi mwaka kwa mwaka, tena zilishinda za magurudumu kwa usahihi. Katika Uswisi wafanyakazi wa saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki karibu 30,000. Hesabu wewe mwenyewe ni jamaa ngapi zilizopoteza mkate wao.

Ndipo ilipotokea habari ya Charles Vermot, fundi wa kiwanda cha Zenith mjini Le Locle. Kiwanda hicho kilikuwa kimetoa, mwaka uleule wa 1969, kronografu inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, yenye kupima sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 1975 wenye kiwanda waliamua kuacha saa za magurudumu; vyombo vya kuzitengenezea vikaamriwa kuuzwa kama vyuma chakavu. Vermot hakubali kwamba kazi ya miaka mingi itupwe. Alivipandisha vyombo vile kidogo kidogo katika dari ya kiwanda, akavificha, na kuandika katika madaftari kila kimoja na matumizi yake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1984, saa ile ilipotakiwa tena, vyombo vyote vilikuwapo. Sisi Waafrika, ambao tumeona mafundi wetu wa shaba na wa kuchonga wakifa na siri za kazi yao, twalijua thamani ya mtu wa namna hiyo.

Sekunde 14

Wako watu wanaosema kwamba kronografu ni pambo la mikono ya matajiri tu. Wasikie habari hii. Mwaka 1964, ofisi ya Marekani inayosimamia safari za anga, NASA, ilitafuta saa kwa ajili ya watu wake. Kronografu za makampuni mbalimbali zilitiwa katika joto la digrii 71 kwa saa 48 na la digrii 93 kwa nusu saa nyingine. Zilitiwa katika baridi kali, zikatikiswa, zikagongwa, zikawekwa mahali pasipo hewa. Moja tu ilivuka majaribu yote, Omega Speedmaster, saa ambayo ilikuwa ikiuzwa madukani tangu mwaka 1957. Ikakubaliwa tarehe 1 Machi 1965, na mwezi wa Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi.

Lakini siku yake kubwa ilikuja katika mwezi wa Aprili 1970. Chombo cha Apollo 13 kilikuwa njiani kwenda mwezini na watu watatu, James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, tangi la oksijeni lilipopasuka. Ili kuhifadhi umeme kidogo uliobaki, vyombo vyao vya kuhesabu vilizimwa. Walipokuwa wakirudi ilibidi waisahihishe njia kwa kuwasha injini sekunde 14. Kukosea njia kulikuwa ni kuingia katika hewa ya dunia vibaya na kuangamia. Swigert aliutazama mkono wa saa yake na kuzihesabu zile sekunde, wenzake wakishika usukani. Tarehe 17 Aprili wakashuka salama baharini.

Siku kwa siku

Sisi hatuendi mwezini. Je, saa hii yatufaa nini sisi wa nchi kavu?

Kwanza, inaomba kukumbukwa. Yetu ni ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Ikijazwa huenda saa 50 hivi, kisha husimama. Kila asubuhi baada ya sala tunaivua na kuzungusha kitufe chake polepole mpaka kikatae. Kikikataa, hatukilazimishi. Kazi hiyo haizidi dakika moja, nayo imekuwa sehemu ya asubuhi yetu.

Pili, haisemi ukweli mtupu. Saa yetu hutangulia karibu sekunde 4 kwa siku. Mtu aliyeizoea simu atashangaa: fedha nyingi namna hii, na bado inakosea? Lakini siku ina sekunde 86,400. Sheria ya Uswisi ya kuzipima mashine za saa bora huruhusu kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Kila Jumapili kabla ya Misa tunairudisha nyuma nusu dakika, na mambo yamekwisha. Kwa habari ya kusoma saa, watoto wamejua kwamba mkono mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, sisi husema ni saa moja. Na anayesafiri toka Lubumbashi kwenda Kinshasa hupata saa moja zaidi siku hiyo, maana nchi yetu yafuata majira mawili.

Tatu, inatufundisha kupima badala ya kukisia. Tutoe mifano miwili.

Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kabisa. Umeme hufika machoni mara moja, bali ngurumo husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ukiona umeme, bonyeza kifungo. Ukisikia ngurumo, bonyeza tena, kisha gawanya kwa tatu. Sekunde 12 ni kilomita 4. Wataalamu washauri hivi: zikiwa sekunde 30 au chini yake, watu wote waingie katika nyumba imara, wasitoke mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watoto wetu wameijua hesabu hiyo. Na mtoto aliyezoea kuipima radi hana haja ya kuuliza ni jirani yupi aliyeituma.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Homa ya mapafu huua watoto wengi wadogo, na dalili yake moja ni pumzi za haraka. Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo ambavyo kila mzazi aweza kuvishika. Mtoto akiwa ametulia, bila kulia wala kunyonya, hesabu pumzi zake dakika moja kamili. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi. Toka mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi. Akiwa na kikohozi na pumzi zimefika hapo, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe upesi kwenye kituo cha afya.

Mwaka uliopita mtoto wetu wa miaka miwili alikohoa siku mbili. Usiku wa tatu mama yake aliinua shati lake, na sisi tukabonyeza kifungo. Mkono ulipomaliza mzunguko mmoja tulikuwa tumehesabu pumzi 52. Tulirudia, tukapata 53. Hatukungoja asubuhi. Kituoni muuguzi alihesabu naye, akapata 54, akampa mtoto dawa. Baada ya siku chache alikuwa akicheza.

Sasa angalieni jambo hili, wasomaji. Saa ya muuguzi yule ilikuwa ya plastiki, ya bei ya dola chache, nayo ilitoa hesabu ileile kama yetu. Kama tungekuwa na saa kama yake, mtoto angepona vilevile. Tungekuwa waongo kama tungesema kwamba saa ya thamani ndiyo iliyomponya. Kilichomsaidia ni mama aliyetazama kifua, wazazi waliojua vipimo, na saa iliyokuwa tayari. Ndiyo sababu tunasema: asinunue mtu kronografu ya Uswisi kwa kudhani kwamba itampa muda bora kuliko wa wengine. Anachonunua ni kazi ya mafundi na kitu kiwezacho kudumu miaka mingi. Akiridhika na hayo, vema. Asiporidhika, fedha yake ina matumizi mengine.

Kuitunza

Wahenga walisema: Kitunze kikutunze. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Usibonyeze vifungo saa ikiwa ndani ya maji, wala usiivae ukioga, hata kama mgongoni imeandikwa mita 50. Namba hiyo ni ya majaribio ya kiwandani wakati raba zake zikiwa mpya. Nazo huchakaa kwa jasho na joto.

Usiilaze karibu na sumaku. Vipaza sauti, simu na mikoba yenye vifungo vya sumaku huweza kulishika gurudumu la mizani, na saa ikaanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Zilizo za kisasa kabisa huvumilia zaidi, lakini za zamani hapana. Fundi huiponya kwa chombo chake kwa muda mfupi.

Ikiwa saa yako ina tarehe, usiibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu ya usiku na saa tisa ya usiku, kwa sababu wakati huo magurudumu ya tarehe yamekwisha kushikana, na jino laweza kuvunjika.

Kila miaka mitano hadi minane ifunguliwe na fundi anayezijua kronografu, aioshe na kuitia mafuta mapya. Kazi hiyo hugharimu mamia ya dola. Anayeweza kulipa bei ya kununua lakini hawezi kulipa bei ya kutunza, hajaweza kuinunua. Wala usimpe fundi wa barabarani, hata akiwa hodari kwa saa nyingine, kwa maana vipande vya kronografu hutaka vyombo vyake.

Bei na dhamiri

Sasa tufike penye jambo gumu. Saa ya aina ile iliyokwenda mwezini, ikiwa mpya, huuzwa zaidi ya dola 6,000 za Marekani. Kwa jamaa nyingi za nchi yetu hiyo ni nyumba, ni shamba, ni karo ya miaka mingi. Mkristu hawezi kuipita hesabu hiyo akiwa amefumba macho.

Katika nyumba yetu shauri lilikatwa na watu wawili, baba na mama, mezani, daftari ya matumizi ikiwa wazi. Kwanza ilitengwa karo ya watoto ya mwaka mzima; kisha fedha ya ugonjwa; kisha sehemu ya wazazi wetu waliozeeka, na sehemu ya maskini. Mama naye alitaja haja yake, cherehani mpya, nayo ilinunuliwa kwanza. Kilichobaki kiliwekwa kando mwezi kwa mwezi, kwa miaka saba. Kama katika miaka hiyo mtoto angefukuzwa shuleni hata siku moja kwa ajili ya karo, tungeiacha. Hatusemi kwamba kila jamaa ifanye kama sisi. Twasema kwamba baba anayerudi nyumbani na saa kama hii bila mama kujua, amenunua ugomvi.

Tena mtu asikope. Deni la pambo huanza kuuma siku pambo linapozoeleka. Wala asidanganywe na habari za minada. Ni kweli kwamba saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya Paul Newman, mchezaji wa sinema, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Lakini hiyo ni moja, kwa ajili ya jina la mwenyewe. Saa nyingi hupoteza sehemu ya bei yake siku zinapotoka dukani. Wauzaji wa barabarani nao wana saa zenye majina makubwa kwa bei ndogo: ni za kughushi. Anayeivaa akijua, amevaa uongo. Anayeinunua bila kujua, ameibiwa.

Na majivuno je? Bwana wetu alituonya juu ya hazina ambazo nondo na kutu huziharibu na wezi huziiba, naye alijua kwamba moyo wa mtu hufuata hazina yake. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alivaa saa ya plastiki ya bei ndogo, wala heshima yake haikupungua. Ukijiona unakunja mkono wa shati ili watu waione saa yako, iache sandukuni siku hiyo. Ukijiona unaogopa kumbeba mtoto asije akaikwaruza, basi saa imekuwa bwana nawe umekuwa mtumishi wake. Kioo cha yetu kina mikwaruzo mitatu, na mwenye kuifanya mmoja wao ana miaka miwili.

Itakuwa ya nani?

Saa iliyotunzwa vema huenda miaka kuliko mwenyewe. Katika nchi yetu sote tumeona yanayotokea baba anapokufa: kabla ya kilio kwisha, ndugu wamekwisha kugawana vitu, na mjane na yatima wanabaki kutazama. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yasema wazi kwamba watoto hupata robo tatu za urithi, na mjane ana haki yake katika sehemu iliyobaki. Lakini kitu kidogo kinachoingia mfukoni hupotea upesi kuliko nyumba. Basi, andikeni. Sisi tumeandika, tukatia tarehe na sahihi, kwamba saa ni ya binti yetu mkubwa, anayesomea uuguzi. Wako walioshangaa kwamba si mtoto wa kiume. Tukawajibu: itampasa yule mwenye kazi ya kuhesabu mapigo ya wagonjwa. Tangu sasa yeye ndiye anayeitia ufunguo akiwa nyumbani wakati wa likizo.

Basi, ndugu msomaji, ukiitamani saa ya thamani, kaeni wawili mezani mkajiulize: Je, karo na dawa zimekwisha kutengwa? Je, tumekubaliana kweli, au mmoja amenyamaza tu? Je, tutaweza kuitunza? Je, tumejua itakuwa ya nani? Mkiweza kujibu yote manne bila kuona haya, ivaeni kwa furaha, na msiache kuitia ufunguo. Na jibu moja likikosekana, saa ya dola chache itawahesabieni pumzi za mtoto sawasawa kabisa, nayo itawaachia fedha ya kumpeleka kwa mganga.